Daftari la Bureti Zilizovunjika

Mwaka wangu wa mwanzo wa kusomesha kemia nilikatwa mshahara kwa ajili ya bureti, chombo cha kioo cha maabara. Sikuonewa peke yangu. Utaratibu wa skuli ile ya Pemba, ambayo sitaitaja, ulikuwa kwamba kinachovunjika mikononi mwa wanafunzi hulipwa na mwalimu aliyefungua kabati. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliikaza bureti kwenye stendi kama anayekaza nati ya gari ya ng'ombe, kikasikika "tak", na ncha yake ikaangukia ndani ya chupa. Mwalimu mkuu akaniita, akanifungulia daftari, nikatia saini. Mwezi ule mshahara ulikuja pungufu. Mwezi uliofuata nikafanya ambalo angelifanya mtu yeyote mwenye watoto wanaosubiri unga nyumbani: nikalifunga kabati.

Lilikaa na kufuli lake karibu miaka miwili. Matokeo ya mtihani hayakushuka. Hilo ndilo lililokuja kunitisha baadaye, na ndilo linalonikalisha kuandika leo.

Maana kila inapotangazwa kwamba watoto wetu wa visiwani wamefanya vizuri katika mashindano ya kemia ya taifa, mambo huenda kwa mwendo uleule. Boti inafunga gati Malindi, bandarini Unguja, wanafunzi wanashuka na sare zilizokunjamana kwa safari, wanavishwa mashada, matarumbeta yanalia, gari ya wazi inawazungusha mjini, na jioni picha zao zimo katika simu ya kila mtu. Mcheza kwao hutunzwa, na mtoto aliyeshinda kemia ana haki ya kupigiwa beni kama aliyefunga mabao. Sina ugomvi na matarumbeta. Ugomvi wangu ni na maswali ya barazani siku ya pili yake. Kawa wa ngapi? Anasoma wapi? Haipiti wiki, mzazi mwenye uwezo keshaanza kumtafutia mwanawe uhamisho. Mimi swali langu ni jengine: skuli hiyo mwaka huu imevunja bureti ngapi?

Sifanyi mzaha.

Kwa asiyewahi kupita maabara, bureti ni mrija mrefu wa kioo wenye alama kutoka 0 juu hadi 50 chini, na koki ndogo mwishoni ya kuachia tone moja moja. Unaijaza asidi. Chini yake unaweka chupa yenye besi, kinyume cha asidi, uliyoipima kwa pipeti, mrija wa kunyonyea, unatia matone mawili ya kiashiria, dawa inayobadilika rangi kati ya asidi na besi, ama MO (methili oranji) ama POP (fenolfthalini) kama wanafunzi wanavyoviita, halafu mkono wa kushoto unafungua koki na wa kulia unaizungusha chupa taratibu. Ukitia POP, chupa nzima inakuwa waridi. Waridi ile inakaa, inakaa, unajisahau, unaanza kuwaza cha mchana. Mara tone moja linaanguka na rangi yote inatoweka kama haikuwepo. Tone moja, lenye ujazo wa kama 0.05 ya sentimita ya ujazo. Ukichelewa kufunga koki umepitiliza, na kazi inaanza upya. Hakuna kitabu cha kumpa mtoto vidole vya kulihisi tone lile kabla halijaanguka. Vidole hivyo hupatikana kwa kupitiliza mara kumi, na ndani ya hizo mara kumi iko siku bureti itagonga sinki.

Zoezi hili wanafunzi huliita kutaitireti, na limezoeleka sana katika mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne. Kabla ya mtihani skuli hupelekewa orodha ya kemikali na vifaa vya kutayarisha, na mwalimu mzoefu akiitupia jicho tu hukisia swali litakavyokuwa. Mimi nilikuwa mzoefu. Kwa miaka miwili ya kufuli niliwakaririsha watoto hatua ubaoni: andika hiki, chora jedwali hili, masomo matatu, yaani namba ulizosoma kwenye bureti, yakaribiane, tofauti isizidi 0.2, tafuta wastani, gawa, zidisha. Siku chache kabla ya mtihani kabati likafunguliwa, watu kumi na wawili kwa bureti moja, kila mmoja akaigusa kidogo kama anayegusa kaburi la walii, basi. Wakaenda wakaandika 24.50, 24.50, 24.50.

Sisi walimu tuna jina lake: kupika. Nimesahihisha madaftari ya vitendo mpaka macho yameharibika, na nakuhakikishieni data iliyopikwa ina harufu yake. Haina kasoro. Mkono wa mtoto wa miaka kumi na sita hautoi 24.50 mara tatu mfululizo ila kwa bahati, na darasa zima halipati bahati moja siku moja. Lakini ukipika vizuri unapewa maksi, na ndiyo maana kufuli langu halikuwahi kuonekana kwenye matokeo.

Mashindano, yakiwa ya kweli, hayapikiki kirahisi hivyo. Olimpiadi ya Kimataifa ya Kemia ilianza Prague mwaka 1968 kwa nchi tatu tu, na siku hizi nchi hupeleka wanafunzi wasiozidi wanne. Wanakalishwa mitihani miwili ya hadi saa tano kila mmoja, wa nadharia na wa vitendo, na ule wa vitendo unabeba maksi 40 katika 100. Saa tano za mkono! Mwenye kukariri hutoka jasho ndani ya nusu saa. Hapa kwetu Tanzania, shindano la Young Scientists Tanzania, lililoanzishwa 2011, limechukua njia nyengine: mwanafunzi anatafuta tatizo la kwao, analichunguza, kisha anasimama mbele ya meza yake kulitetea kwa jaji. Jaji hamuulizi fomula. Anamuuliza, "Ulijuaje?"

Neno hilo moja ndilo linalopima kila kitu. Na mtoto hawezi kulijibu kama hajawahi kukosea kwa mkono wake mwenyewe.

Nikupeni kisa kimoja. Ilikuwa skuli nyengine, Unguja, upande wa mashariki, pwani kabisa. Wakati huo nilikuwa nimekwishaacha ufungaji wa makabati, kwa sababu huko kilichovunjika hakikuwa kinakatwa kwa mtu. Siku hiyo kazi ilikuwa kutambua chumvi isiyojulikana. Sampuli niliyowapa ilikuwa kopa salfeti, ile buluu, rahisi kuliko zote. Kupima kloridi unaongeza nitriki asidi kidogo halafu silva naitreti. Ukiona mashapo meupe, kloridi ipo. Salfeti ina kipimo chake mbali, cha bariamu. Nilitegemea watoto watapima kloridi wakose, wapime salfeti wapate, tufunge vitabu twende tukale.

Darasa zima likaripoti kloridi.

Nikakasirika. Kwanza niliwashuku wametazamiana. Nikajaribu mwenyewe: meupe! Nikamgeukia fundi wa maabara, bwana mpole asiyejua kujibizana, nikamwambia mbele ya watoto kwamba kachanganya makopo. Akanyamaza. Nyuma kulikuwa na msichana ambaye kwa muhula mzima sidhani kama nilimsikia sauti. Nilimwona anasuuza testityubu, anatia maji peke yake, hakuna chumvi, hakuna kitu, anaongeza nitriki, anaongeza silva naitreti. Akaiinua dirishani.

"Maalim, na maji matupu nayo yana kloridi."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Maji ya kutayarishia siku hiyo yalitekwa kisimani, kwa sababu pipa la maji ya mvua lilikauka na maji ya betri, yale yaliyokenekwa, hayakununuliwa. Kisima chenyewe kimechimbwa katika mawe ya matumbawe, hatua chache kutoka maji yanapojaa. Kijiji kizima kinajua kwamba maji yale yana chumvi, hayafai kwa chai na sabuni haitoi povu. Watoto wote mle darasani walikuwa wameyaogea tangu wachanga, na mimi nilikuwa nimeyanywa asubuhi ileile nikakunja uso. Na chumvi ya bahari ni kloridi. Tulikuwa na habari mbili kichwani, ya kisima na ya silva naitreti, na hakuna aliyezikutanisha isipokuwa yeye. Alichokifanya ni kanuni ya kila maabara ya maana duniani: pima pasipo kitu ndipo ujue chombo chako kinasema nini. Sikuwa nimemfundisha. Nilimwomba radhi fundi, ingawa si mbele ya watoto kama nilivyomtukana, na hilo bado linaniuma.

Miaka miwili baadaye binti huyo alikuwemo kwenye kundi lililovuka kwenda Dar es Salaam kushindana, na walirudi na ushindi. Walipoulizwa wanataka kuwa nani wakubwani, yeye akasema daktari, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyemuuliza habari za kisima.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema ushindi wa watoto hawa ni dalili kwamba elimu yetu ya sayansi imepanda. Ushindi wa watoto wanne ni dalili ya mwalimu mmoja, fundi mmoja na kabati moja lililokuwa wazi. Ni habari njema, na ni habari ya mahali pale tu. Ukitaka kujua habari za visiwa vizima, usitazame aliyekwenda kushindana. Tazama yule aliyekaa dawati la nyuma katika skuli ambayo haikupeleka mtu. Tangu 23 Septemba 1964, Serikali ilipotangaza elimu bila malipo, tumekuwa tukihesabu walioingia darasani, na tuna haki ya kujivunia hesabu hiyo. Kumuingiza mtoto darasani tumeweza. Kumuingiza maabara ni hesabu nyengine, na haifanani na ile.

Na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba sisi, katika watu wote, hatuna sababu ya kuiona kemia kuwa kitu cha kuletewa na meli. Nenda Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo cha ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Harufu utaipata kabla hujaliona geti. Kila mtoto wa Pemba aliyewahi kukesha kwenye jamvi akichambua karafuu anayajua makonyo. Ni vile vikonyo vinavyobaki ukishaondoa karafuu yenyewe, vinavyotia weusi vidoleni na kuwasha macho. Kwengine vingetupwa. Wawi vinatiwa kwenye pipa kubwa, mvuke unapitishwa, na mvuke unapopoa unatoa maji na mafuta.

Sasa hapo pana maswali ambayo ningeyatia kwenye shindano lolote la kemia, na ningewapa watoto siku nzima. Kiini cha mafuta yale ni yujeno, ambayo ukiichemsha peke yake inataka nyuzi 254 za Selsiasi ndipo ichemke. Iweje basi itoke pamoja na mvuke, chini ya nyuzi 100? La pili, mtoto yeyote aliyekulia kwenye nazi anajua mafuta huelea juu ya maji. Ya makonyo yanazama. Yanakaa chini na maji yanakaa juu. Kwa nini? La tatu, nipe mafuta hayo na sodiamu haidroksaidi, uniambie kwa nini yujeno inakubali kuyeyuka humo, na nitafanya nini ili niirudishe. Mtoto wa Wawi amezaliwa ndani ya jawabu. Anaijua mpaka harufu, na siku akienda kuziba jino ataikuta tena, maana ni ileile harufu ya kwa daktari wa meno. Lakini darasani tunamchorea kukeneka kwa mvuke kwa mfano wa kitabu uliotoka kusikojulikana, na kiwandani hapelekwi, kwa sababu gari ya kuwapeleka haina fungu. Kilomita chache tu!

Mwani nao, unaolimwa na kina mama wa Paje na Jambiani tangu 1989, unakaushwa, unafungwa robota, unakwenda zake. Karajini iliyomo ndani yake, ute wa kuzitia vitu uzito, hutolewa ng'ambo, na sisi tunairudia ikiwa ndani ya dawa ya meno na maziwa ya boksi. Kemia yote imefanyika njiani.

Majumbani ndimo imejaa. Kanzu nyeupe ya Idi ikidondokewa na mchuzi, mama huisugua kwa sabuni, na doa la manjano linageuka jekundu kama damu. Bibi yangu akisema "limekasirika". Akikamulia ndimu linarudi kuwa manjano, na akilianika juani linafifia. Manjano ya mchuzini ni kiashiria, kizuri kama POP, na kinauzwa sokoni Darajani kwa bei ya kuchekesha. Mwalimu aliyeishiwa kemikali anaweza kusomesha muhula mzima wa asidi na besi kwa manjano, ndimu, magadi, na chokaa ya tambuu. Nimefanya hivyo. Wanafunzi hawakuamini kwamba hiyo ni kemia, mmoja aliniuliza kwa heshima zote, "Sasa Maalim, kemia yenyewe tutaanza lini?"

Kutokuijua kunatugharimu vilevile. Piko jeusi wanalopakwa maharusi na watalii hufanya kazi kwa haraka kwa sababu mara nyingi limetiwa dawa ya kutia nywele rangi, yenye kitu kinachoitwa parafenilinidiamini. Hina ya majani haina ubaya huo. Inachelewa, inataka ndimu na subira, lakini haimbabui mtu ngozi. Nimemwona bibi harusi amekaa ndani siku ya tatu na mikono imefura malengelenge kwa kufuata mistari ya ua. Waliompaka walikuwa na cheti cha Kidato cha Nne, na mmoja wao nilimsomesha mimi. Katika miaka ya kufuli.

Kuhusu lugha nitasema kidogo, kwa kuwa wengi wameshasema. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, na mtoto anapofika sekondari lugha hiyo ndiyo ya kila somo isipokuwa machache. Sipingi mtoto kujua Kiingereza; mashindano yenyewe yana lugha hiyo na dunia ya kemia inaandika kwayo. Ninachokiona ni kwamba mtoto akifikiri anafikiri kwa Kiswahili, na akikosea pia anakosea kwa Kiswahili. "Na maji matupu nayo yana kloridi" ni sentensi ya kisayansi kamili. Kama ningemlazimisha yule binti aiseme kwa Kiingereza, nina hakika angenyamaza, na sisi tungeendelea kumlaumu fundi.

Najua wakuu wa skuli watanijibu nini. Nimekaa nao vikao vingi. Watasema: Maalim, wewe unazungumza uzuri wa kuvunja, mimi ndiye ninayetia saini kupokea mali ya Serikali, na mkaguzi akija ananiuliza mimi. Wana haki. Mtu aliyepewa bureti sita kwa wanafunzi mia mbili, bila ya ahadi ya kupewa nyengine, akizifungia si mchoyo. Anafanya kama mwenye nyumba aliyebakiwa na kibaba cha mwisho cha mchele. Na kwa kweli kioo si cha kuchezea. Kuna asidi nzito inayotoboa nguo, na iko haja ya nidhamu kali. Lakini angalia tunavyolipanga jambo. Skuli inayoleta kikombe inaongezewa vifaa, wafadhili wanaijia, picha zinapigwa mbele ya makabati mapya. Skuli isiyoleta kitu inabaki na sita zake na kufuli. Mwaka wa pili yake tunashangaa kuona washindi wametoka kulekule. Tuisheni za mjini nazo zinafanya kazi yake, za usiku, za Jumamosi, na nyingi ni za kupika tu, ila kwa jiko zuri zaidi. Tangu 2023 tuna kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, pale Bweleo inayosomesha sayansi ya data, na najivunia nikipita. Kisha napanda gari ya shamba, nafika skuli ambayo Kidato cha Tatu hawajawahi kushika pipeti.

Kama ningepewa nafasi ya kuomba jambo moja baada ya matarumbeta kunyamaza, nisingeomba kompyuta. Ningeomba kila skuli ya sekondari, Unguja na Pemba, iwe na fungu la kuvunjika. Liandikwe hivyohivyo kwenye bajeti, bila ya aibu, kama linavyoandikwa la chaki. Mwalimu asikatwe senti. Na lile daftari nililotia saini lisifutwe. Libakie, lakini lisomwe kinyume. Mkaguzi akifika akikuta kurasa tupu, aulize kwa ukali: kulikoni humu, mbona hakuna kinachovunjika?

Na fundi wa maabara aingie kwenye picha. Sijawahi kumwona hata mmoja bandarini amevishwa shada. Mtu huyu ndiye anayefika kabla ya wote kukinga maji ya mvua, ndiye anayepima gramu kwenye mizani iliyokufa betri, ndiye anayeosha vyombo arubaini baada ya darasa kwa sabuni aliyoinunua mwenyewe. Mwalimu akihamishwa maabara inaendelea. Fundi akistaafu, vumbi linaingia ndani ya mwezi.

Fundi wangu yule, niliyemtukana kwa ajili ya kisima, ndiye aliyeniokoa na suala la bureti. Mojawapo ilikatika koki mbele ya macho yangu na mimi, kwa mazoea ya zamani, nikaanza kutafuta daftari nitie saini. Akanizuia. Alikwenda duka la dawa akanunua mpira wa dripu, mpya, wenye lile gurudumu dogo la kukazia. Akaulainisha kwa maji ya moto, akauvisha kwenye kioo kilichobaki, akakaza kwa waya. Ukisukuma gurudumu kwa kidole gumba tone linatoka moja, ukirudisha linasita. Ikawa ndiyo bureti wanayoigombania, kwa sababu koki yake haikwami.

Juzi nilikuwa napanga makaratasi nikakuta daftari la vitendo la yule binti, aliloniachia alipomaliza. Ukurasa umo wa kutaitireti, kwa bureti ya mpira wa dripu. Nimeijua kwa sababu juu ameandika namba ya bureti hiyo. Maelezo yote ni ya Kiingereza, mwandiko wa kulala, jedwali limechorwa kwa rula. Somo la kwanza, 24.30. La pili, 24.80. La tatu, 24.35. La nne, 24.30. Lile la pili hakulifuta wala hakulipaka wino mweupe. Amelizungushia duara la penseli, na pembeni yake kuna neno moja tu la Kiswahili katika ukurasa mzima: nimepitiliza.